Kutunza Mwonekano wa Vitovu vya Diski za Breki kwenye Subaru Impreza WRX STI

Gari la michezo lenye rimu za spoki nyembamba halifichi kitu. Subaru Impreza WRX STI ikiegeshwa pembeni ya barabara, jicho la mpita njia hupenya katikati ya spoki na kutua kwenye kalipa za Brembo zenye rangi ya dhahabu, yaani vibano vinavyoshika pedi, kisha kwenye diski inayong'aa kwa kusuguliwa na pedi hizo kila siku, na hatimaye, katikati kabisa, hukutana na duara la kutu nyekundu. Duara hilo ndilo kitovu cha diski, sehemu iliyoinuka mfano wa kofia, ambayo hukalia habu, yaani kiungo kinachozunguka ambacho gurudumu hufungwa kwake, na kupitiwa na bolti za gurudumu. Hapa Mombasa, ambako kazi yangu ni breki na magurudumu, wenye magari haya huniuliza kuhusu kutu hiyo mara kwa mara, na ninawaelewa, kwa sababu mtu aliyegharimia gari la namna hii ana haki ya kutaka kila kinachoonekana kiwe safi.

Diski za STI, kama diski nyingi za magari ya kawaida, hutengenezwa kwa chuma cha kusubu cha kijivu, ambacho kina kaboni zaidi ya asilimia 3, sehemu kubwa ikiwa katika umbo la vipande vyembamba vya grafiti vilivyotawanyika ndani ya chuma. Vipande hivyo husaidia kusambaza joto na kuzima mitetemo, na ndiyo maana chuma hiki kimedumu kwenye breki kwa miongo mingi, lakini hakina kinga yoyote dhidi ya unyevu. Uso unaosuguliwa na pedi nao hushika kutu usiku mmoja tu wa mvua, ila asubuhi breki za kwanza huifuta. Kitovu hakiguswi na pedi, hivyo kutu yake hubaki na kuongezeka. Hewa ya pwani yenye chumvi huharakisha jambo hilo, na baadhi ya magari hufika bandarini yakiwa tayari yameanza kuliwa, kwa kuwa yametumika katika maeneo ya Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa majira ya theluji.

Kutu ya juu kwenye ukuta wa kitovu haidhoofishi breki, kwa hiyo kazi tunayoizungumzia ni ya urembo. Hata hivyo, ni urembo unaofanywa kwenye kiungo kinachobeba uhai wa watu, na kwa maoni yangu swali la kwanza si rangi gani itumike, bali rangi iishie wapi.

Kitovu kina nyuso mbili bapa: uso wa ndani unaokaa juu ya habu, na uso wa nje unaokaliwa na rimu. Rimu, diski na habu hushikamana kwa mkazo wa nati tano peke yake, na mkazo huo hutegemea chuma kugusana na chuma. Tabaka nene la rangi likiwekwa katikati, joto la breki hulilainisha, nalo hubanwa, hutambaa na kupungua unene, na mkazo hushuka kiasi kwamba nati zilizokazwa sawasawa siku ya kwanza hukutwa zimelegea baada ya safari chache. Hatari hiyo inatosha kumfanya fundi yeyote aziache nyuso hizo bila rangi.

Sababu ya pili ni mtikisiko wa diski inapozunguka. Tabaka moja la rangi ya kopo la kupuliza, likikauka, huwa na unene wa takriban maikroni 20 hadi 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na matabaka mawili yakirundikana upande mmoja wa kitovu yanaweza kuinua upande huo kwa milimita 0.05. Namba hiyo ni ndogo, lakini diski ya mbele ya STI yenye kalipa za Brembo ina kipenyo cha milimita 326, ilhali uso unaokalia habu hauna hata nusu ya kipenyo hicho, na hivyo kasoro iliyo karibu na kitovu hukuzwa zaidi ya mara mbili ifikapo ukingoni. Diski ikiwa hivyo, sehemu yake moja huigusa pedi kidogo kila mzunguko, hata dereva akiwa hajakanyaga breki, na polepole sehemu hiyo hulika zaidi ya nyingine. Baada ya maelfu ya kilomita usukani huanza kutetemeka kila breki inapokanyagwa kwa mwendo mkubwa, na watu husema diski imepinda, wakati ukweli ni kwamba unene wake umeacha kuwa sawa.

Kwa hiyo rangi inastahili kwenye ukuta wa duara wa kitovu na kwenye ukanda wa uso wa nje ambao haukaliwi na rimu. Mpaka wa ukanda huo huonekana wenyewe: rimu ikishafunguliwa, uso wa kitovu huwa na alama wazi ya mahali ilipokuwa imebana. Mimi huifuata alama hiyo na kuacha milimita chache za ziada upande wa nje. Upande wa pili, pale kitovu kinapoungana na sehemu ya kusuguliwa, husimama kwenye mfereji mdogo uliopo hapo, kwa sababu joto ni kali zaidi kuanzia mfereji huo kwenda nje, na rangi yoyote iliyouvuka huungua mapema na kuharibu sura ya kazi nzima.

Wapo wanaopaka diski ikiwa bado imefungwa kwenye gari, wakifunika kalipa kwa magazeti. Inawezekana, lakini sipendi, kwa kuwa kutu ya nyuma haifikiwi na vumbi la rangi hupata njia ya kuingia kwenye pedi. Ninapendelea kuitoa diski. Gari huwekewa vizuizi, huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, kisha kalipa hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, kamwe si kwa mpira wake wa mafuta. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwani baadhi ya pedi za zamani na za bei rahisi huweza kuwa na asbestosi. Liloweshwe kwa maji yenye sabuni na kufutwa, naye fundi avae barakoa. Diski iliyogandia kwenye habu isipigwe nyundo usoni. Diski za Subaru zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti za milimita 8, na bolti mbili zikikazwa humo kwa zamu, kidogo kidogo, huisukuma diski nje bila kuiumiza.

Magurudumu ya nyuma yanahitaji uangalifu wa ziada. Ndani ya kitovu cha diski ya nyuma mna ngoma ndogo ya breki ya mkono, hivyo breki ya mkono ilegezwe kabla ya kuvuta diski, na ukuta wa ndani unaosuguliwa na viatu, yaani vipande vya kusugua, vya breki hiyo usiguswe na rangi hata kidogo. Kizibo cha mpira kinachofunika tundu la kurekebishia viatu kitolewe kwanza na kirudishwe rangi ikishakauka.

Usafishaji ndio unaokula muda mwingi, na ndio unaoamua kama rangi itadumu. Huanza na brashi ya waya, ya mkono au ya kufunga kwenye drili, hadi magamba ya kutu yaishe, kisha msasa wa namba 80 na baadaye wa 180 ili rangi ipate mahali pa kushika bila mikwaruzo kuonekana. Kwenye vishimo visivyofikiwa na msasa hutumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, nikiisuuza na kukausha mara moja. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa diski mara nyingi huwa umeandikwa kwenye kitovu au kwenye ukingo, na maandishi hayo lazima yaendelee kusomeka. Ikiwa kipimo kinaonyesha kwamba diski imekaribia unene huo, ninamshauri mwenye gari anunue mpya na tupake hizo. Nyuso bapa zote mbili, pamoja na uso wa habu yenyewe, husafishwa hadi chuma kitupu, kwa kuwa kutu iliyo hapo huleta mtikisiko uleule unaoletwa na rangi. Mwisho, kila kitu hufutwa kwa kisafisha breki na kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuanzia hapo diski hushikwa kwa glavu tu.

Kuhusu aina ya rangi, enameli ya kawaida haifai, kwani huwa ya njano na kubanduka. Rangi ya unga inayookwa hupendeza siku ya kwanza, lakini ni nene mno na ikipasuka hubanduka vipande vipande. Ninayoiamini ni rangi ya silikoni ya kustahimili joto, ile inayouzwa kwa ajili ya ekzosi na injini, ambayo ya rangi ya fedha yenye chembe za alumini huweza kustahimili hadi nyuzi joto 600. Kitovu cha gari la barabarani hakifiki huko, hata pale uso wa kusuguliwa unapopita nyuzi 500 kwenye mbio za uwanjani. Hupuliza matabaka mawili mepesi badala ya moja zito, huku nyuso za kusuguliwa zikiwa zimefunikwa kwa tepu ya karatasi, na matundu ya kupitishia hewa kati ya nyuso hizo yakiwa yamezibwa kwa muda ili vumbi la rangi lisiingie.

Wateja vijana huomba nyekundu au buluu. Nawashauri fedha iliyofifia au kijivu cha mkaa, kwa sababu kwenye STI kinachostahili kuonekana ni kalipa, na kitovu chenye rangi kali huivuruga sura ya gurudumu zima. Nyeusi nayo ni nzuri nyuma ya rimu za dhahabu, ingawa huonyesha haraka vumbi la pedi.

Rangi ya silikoni haikomai kwa hewa peke yake. Huhitaji kupashwa joto hatua kwa hatua kama maelekezo ya kopo yanavyosema. Oveni ya karakana ni bora, na oveni ya jikoni isitumike kabisa kwa sababu ya moshi wa rangi. Asiye na oveni aendeshe gari kwa upole siku za mwanzo, akikanyaga breki kidogo kidogo na kuliacha lipoe, na asimwagie maji diski zikiwa za moto.

Wakati wa kufunga, bolti za kalipa na nati za gurudumu hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari husika, nati zikikazwa kwa mtindo wa nyota. Kabla gari halijatoka, breki hukanyagwa mara kadhaa hadi pistoni zirudi mahali pake. Mafuta ya breki yakidondokea kitovu kipya yasafishwe papo hapo, kwa maana mafuta ya aina ya DOT 4 huyeyusha rangi nyingi. Nati zikaguliwe tena baada ya takriban kilomita 100, na kila gari linapoletwa kubadilishiwa pedi, ukingo wa rangi karibu na mfereji utazamwe: kutu ikianza kutambaa chini yake, sehemu hiyo pekee hupigwa msasa na kupuliziwa upya kabla haijasambaa.