Shubiri: Jani Moja, Maji ya Aina Mbili

Nyumba nyingi za pwani zina mshubiri uani, umepandwa kwenye kopo au ndoo iliyotoboka. Mtoto akiungua, jani linakatwa. Chunusi, nywele kukatika, choo kigumu, yote hupelekwa kwake. Hata kuku wakipata mdondo, majani hukatwakatwa yakatiwa kwenye maji yao. Wengi hutuuliza kama ni salama kunywa shubiri, nasi hujibu kwa kuuliza: unakunywa maji yapi ya jani hilo?

Kata jani karibu na shina, ulisimamishe kwenye kikombe, sehemu iliyokatwa iwe chini. Baada ya muda mfupi yatachuruzika maji ya manjano yenye harufu kali. Hayo hukaa chini ya ganda, na ndiyo shubiri tunayoitolea mfano wa uchungu. Ndani kabisa kuna ute mweupe unaoteleza, ambao hauna ukali huo.

Ute ni mzuri kwa ngozi. Kwa kuungua kidogo, kwanza mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo upake ute uliooshwa hadi usibaki na manjano. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kula. Malengelenge makubwa, kuungua usoni, mikononi au sehemu za siri, na mtoto mdogo aliyeungua, hayo ni ya hospitali.

Maji ya manjano ni habari nyingine. Yana aloini, kemikali inayousukuma utumbo mpana, na ndiyo maana wazee waliyatumia kufungulia choo. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi pamoja na msokoto wa tumbo. Anayeyanywa siku baada ya siku hupoteza maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, au vidonge vya kukojoza vya presha kama furosemidi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Figo nazo zimewahi kuharibika kwa matumizi ya muda mrefu. Marekani iliziondoa dawa za choo zenye shubiri kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002.

Kwa hiyo nasema wazi: usisage jani zima kwenye blenda ukanywa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka 12 wasinywe kabisa. Mwenye kisukari asiichanganye na vidonge vyake bila kumwambia daktari, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na kina mama wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, naelewa uchovu wenu, lakini mtoto huyo anaimeza. Punguzeni kumnyonyesha kidogo kidogo, mkianza na mchana.

Ya porini iacheni. Zipo aina za mshubiri mwitu, kama Aloe ruspoliana, zenye sumu inayoweza kuua, na si rahisi kwa asiyezijua kuzitofautisha na ule wa nyumbani. Aliyekwisha kunywa akaanza kuharisha sana, kulegea au kusikia moyo ukienda mbio, apelekwe kituo cha afya mara moja, na kipande cha jani alilotumia kichukuliwe pia.