Mmomonyoko wa enameli, na kwa nini floraidi hazifanani

Mmomonyoko wa enameli ni kulika kwa tabaka gumu la nje ya jino kutokana na asidi ya chakula, kinywaji au tumbo. Ni tofauti na jino kutoboka. Jino hutobolewa na asidi ya bakteria wanaokula sukari. Mmomonyoko hauhitaji bakteria: ndimu, ukwaju, soda au matapishi vinatosha. Hapa huoni tundu. Jino hulika kwa upana, likawa jembamba nchani, umanjano wa ndani ukaanza kujitokeza, na ukinywa maji baridi linakufa ganzi.

Enameli ni madini karibu yote, kama asilimia 96 ya uzito wake, hasa kalsiamu na fosfeti. Haina chembe hai, hivyo ikishaondoka haioti tena. Huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imekolea) inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Floraidi, kinga inayotiwa kwenye dawa ya meno, ikiingia kwenye madini hayo, jino hustahimili hadi karibu 4.5. Dhidi ya asidi ya bakteria, hiyo ni nafuu kubwa sana. Lakini kola ina pH ya 2.5 hivi, na maji ya ndimu yanakaribia 2. Hapo floraidi ya kawaida huzidiwa, na ndipo aina yake inapohusika.

Soma viambato kwenye boksi la dawa ya meno. Sodiamu floraidi huachia floraidi yake mara inapokutana na mate. Sodiamu monofluorofosfeti huyasubiri mate yaifungue; hutiwa kwenye dawa zenye unga wa chokaa wa kusugulia, kwa kuwa floraidi iliyo huru ingenaswa na kalsiamu ya chokaa hiyo humo humo ndani ya tyubu. Kwa kuzuia meno kutoboka, zote mbili ni nzuri. Mbele ya ndimu msaada wake ni wa wastani, maana kinga zinayoiacha juu ya jino nayo huyeyuka kwenye asidi kali.

Stanasi floraidi ina cha ziada: bati. Bati hilo hung'ang'ania uso wa enameli na kuweka utando ambao asidi hupata tabu kuuondoa. Kwenye majaribio ya mmomonyoko, mara nyingi imeishinda sodiamu floraidi. Kasoro yake ni ladha ya ukakasi na, kwa baadhi ya watu, madoa ya juu juu ambayo daktari wa meno huyasafisha. Mwenye kiungulia cha kudumu, mjamzito anayetapika mara kwa mara, au mtu anayeshinda na embe mbichi la chumvi na pilipili, ningemshauri hii bila kusita.

Ila hakuna dawa inayomwokoa anayepiga mswaki papo hapo baada ya kutapika au kunywa juisi ya ukwaju. Enameli imelainika, na mswaki unaikwangua. Sukutua kwa maji, subiri walau nusu saa. Ukishapiga mswaki, tema povu tu, usisukutue, floraidi ibaki.

Wenzetu wa Arusha na Bonde la Ufa wana sababu ya kuiogopa floraidi. Meno yao ya kahawia yalitokana na maji yenye floraidi nyingi waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya. Mtu mzima anayetema dawa yake hapati madhara hayo. Mtoto wa chini ya miaka 3, ambaye humeza, awekewe kiasi cha punje ya mchele.