Kaboni na makaa ya mawe: vitu viwili vinavyochanganywa

Katika Kiswahili maneno makaa, mkaa na ukaa yamekaribiana mno kwa sauti na kwa maana, na huenda ndiyo sababu watu wengi wakisikia kaboni ikitajwa huyaona mara moja akilini mawe meusi yatokayo mgodini. Hata jina kaboni lenyewe limetokana na neno la Kilatini lililomaanisha makaa, kwa hiyo mkanganyiko huu una umri mrefu.

Kaboni ni elementi, yaani dutu ambayo haiwezi kutenganishwa kikemia ikawa dutu nyingine sahili zaidi. Atomu yake ina protoni 6. Ikiwa safi huonekana kwa sura zinazopingana kabisa: almasi, iliyo ngumu na angavu, na grafiti, ile nyeusi laini inayotumika katika penseli. Mwaka 1797 mwanakemia Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi na kuthibitisha kwamba gesi inayotoka ni ileile itokayo katika mkaa, na kwa kiasi kilekile kwa uzito ulio sawa. Kaboni imo pia katika sukari, mbao, plastiki na mawe ya chokaa, na hufanya takribani asilimia 18 ya uzito wa mwili wa binadamu.

Makaa ya mawe ni mwamba. Hayana fomula moja ya kikemia, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kaboni, hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, salfa, maji na madini yanayobaki kuwa majivu, pamoja na chembe za zebaki. Sehemu kubwa ya makaa hayo ilianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, pale mimea ya kinamasi ilipoanguka katika maji yenye oksijeni haba, ikashindwa kuoza yote na kugeuka tope zito liitwalo piti. Tope hilo lilifunikwa na mchanga na udongo, likagandamizwa na kupashwa joto chini ya ardhi, likipoteza maji na gesi kidogo kidogo huku kiwango cha kaboni kikipanda. Makaa machanga, yaani ligniti, yana unyevu mwingi na joto lake ni dogo. Yaliyokomaa zaidi, yaani antrasiti, hung'aa, na kaboni yake hupita asilimia 86 yakihesabiwa bila maji na majivu. Mkaa wa kupikia ni kitu kingine tena, kwani hutokana na kuchoma kuni kwa hewa kidogo, kazi ya siku chache tu.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika hesabu za moshi. Kaboni inapoungua kikamilifu, kila kilo 12 huungana na kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za dioksidi ya kaboni, ambayo wengi tunaiita hewa ukaa. Hivyo tani moja ya makaa ya mawe yenye kaboni asilimia 70 hutoa takribani tani 2.6 za gesi hiyo, na si kosa la hesabu kwamba gesi ina uzito kuliko makaa yaliyochomwa, kwa sababu oksijeni imetoka hewani. Msomaji wa taarifa za tabianchi aangalie pia kipimo kilichotumika, maana tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za dioksidi ya kaboni, na wapo waandishi wanaotumia vipimo hivyo viwili kana kwamba ni kimoja.

Madhara mengine ya moshi wa makaa ya mawe hayatokani na kaboni. Salfa hutoa gesi inayowasha mapafu na kuchangia mvua ya asidi, na majivu laini huelea hewani. Mitambo ya kuzalisha umeme inaweza kufungwa vichujio vya majivu, na sehemu kubwa ya gesi ya salfa hunaswa kwa kupitisha moshi katika mchanganyiko wa maji na chokaa. Kaboni yenyewe haiwezi kuondolewa katika makaa kabla ya kuyachoma, kwa kuwa ndiyo hasa inayochomwa ili kupata joto. Kinachoweza kunaswa ni gesi yake baada ya kuungua, nayo, kama hesabu ilivyoonyesha, ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya makaa yaliyoingia tanuruni.