Si kila chuma hupinda kabla ya kukatika

Wiki hii nimeambiwa tena, na fundi mkongwe ninayemheshimu: "Daraja la chuma halina wasiwasi, mhandisi. Chuma kinapinda kwanza, kinakupa taarifa." Nimechoka kuitikia kwa kichwa, maana kauli hii imeshazika watu.

Najua inakotoka. Ukivuta nondo maabara, inarefuka, inakonda kiunoni, ndipo inakatika. Lakini nondo ile ni mpya, haina ufa. Chuma chenye ufa, tena kigumu na chenye baridi, hupasuka kama sahani.

Chukua Silver Bridge, lililovuka mto Ohio pale Point Pleasant, West Virginia, Marekani. Lilifunguliwa 1928. Badala ya kamba za waya, lilining'inizwa kwa minyororo ya flatibaa (vyuma bapa) ndefu zenye jicho, yaani kichwa chenye tundu, kila ncha, zilizounganishwa kwa pini. Minyororo ya zamani ilikuwa na flatibaa nne au zaidi kila pingili. Hapa, kwa kuwa chuma kilikuwa cha nguvu zaidi, waliweka mbili tu.

Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, magari yakiwa yamejaa juu yake, jicho moja lilikatika. Ufa uliolianzisha ulikuwa na kina cha milimita 2.5 hivi, ndani ya tundu, mahali pini inapokaa. Upande wa chini wa jicho ulipasuka ghafla bila kurefuka. Upande wa juu ndio uliopinda na kuchanika, kama fundi wangu anavyotaka, ila taarifa hiyo ilikuwa imechelewa. Flatibaa ya pili ikachomoka kwenye pini, na ndani ya dakika moja hivi daraja zima likawa mtoni. Walikufa watu 46.

Kutu ilichangia, ndiyo. Pakeni rangi, zibueni mifereji ya maji. Lakini msiniambie daraja limepona kwa sababu linang'aa! Swali langu la kwanza kwenye daraja lolote la chuma ni hili: kipande hiki kikikatika sasa hivi, mzigo wake unabebwa na nani? Nikikosa jibu, sijali kimenyooka kiasi gani.

Na hapa nakiri jambo. Ufa ule usingeonekana bila kulifungua lile jicho, na kufungua jicho ni kuliangusha daraja. Leo tuna vipimo vya mawimbi ya sauti, lakini vinategemea mkono wa anayepima, rangi iliyo juu ya chuma, na umbo la kiungo chenyewe. Nimesaini ripoti za ukaguzi nikijua kuna mashimo ya pini ambayo sikuyaona kwa macho yangu.

Silver Bridge lilikuwa na pacha wake, St. Marys, kwenye mto huohuo. Halikuwa limepinda popote. Walilifunga, na mwaka 1971 wakalibomoa.