Kugeuza mihimili ya chati: yanayoaminika na yalivyo

Ukichora halmashauri saba za Mkoa wa Kilimanjaro kwa nguzo za kusimama, majina yanabanana chini kama abiria wa Hiace jioni stendi ya Moshi. Wengi huyainamisha nyuzi 45, msomaji naye akainamisha shingo. Dawa ni kulaza nguzo, yaani mhimili mlalo na mhimili wima vibadilishane nafasi. Ila kwenye kulaza ndiko maneno mengi ya vijiweni yalikozaliwa.

Dhana: nguzo za kulala ni mtindo wa juzi.
William Playfair, Mskoti mwanzilishi wa chati za takwimu, alizilaza mwaka 1786, kwenye chati ya biashara ya Scotland, kila nchi na mstari wake.

Dhana: kugeuza mihimili ni kuzungusha picha.
Zungusha karatasi robo duara uone: maandishi yanalala, na namba za upande mmoja zinahesabu kinyumenyume. Kubadilishana mihimili ni kama kukunja karatasi kwa mshazari unaoanzia kona ya sifuri. Nukta (3, 7) inakuwa (7, 3), na mteremko wa 2 unakuwa nusu.

Dhana: kwenye ggplot2, programu ya kuchora chati kwa lugha ya R, coord_flip() (amri ya kugeuza mihimili) na kubadilisha x na y ni kitu kilekile.
Kwa nguzo tupu, karibu ni kweli. Tangu toleo la 3.3.0 la ggplot2, mwaka 2020, ukiandika `aes(x = watu, y = wilaya)`, sehemu ya kutaja data ipi ikae mhimili upi, nguzo zinalala zenyewe.

Balaa huja na mstari wa makadirio, ule mnyoofu unaopitishwa katikati ya nukta. Chukua joto na mwinuko, kuanzia Moshi mjini hadi Kibo, mita 5,895. `coord_flip()` hukokotoa kwanza, ndipo inageuza picha. Mstari bado unakadiria joto kutokana na mwinuko. Ukibadilisha x na y ndani ya `aes()`, `geom_smooth()`, amri inayochora mstari huo, inakadiria mwinuko kutokana na joto. Hilo ni swali jingine na mstari mwingine. Niliwahi kupeleka ripoti yenye mstari wa pili nikidhani ni wa kwanza. Mwenzangu wa meza ya jirani alinikamata kwa kikokotoo cha simu: zidisha miteremko ya mistari hiyo miwili, unapata r mraba, kipimo cha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari; hufika 1 zikilala zote juu yake. Kwangu haikufika 1, kwa hiyo haikuwa mstari mmoja uliogeuzwa.

Dhana: kisababishi lazima kikae mhimili mlalo.
Ni mazoea tu. Watu wa hali ya hewa huweka mwinuko wima ingawa joto ndilo linaloufuata, na mwenye dirisha linalotazama mlima haoni ajabu. Wachumi nao huweka bei wima.

Dhana: ukishageuza, kazi imekwisha.
Kwenye ggplot2 orodha ya kialfabeti huanzia chini, kwa hiyo Hai inakaa mkiani na Siha kileleni. Matplotlib, programu ya chati ya lugha ya Python, nayo hufanya hivyo kwa `barh()`, amri yake ya nguzo za kulala; huko andika `invert_yaxis()` kuupindua mpangilio. Kwenye ggplot2 kuna mtego zaidi: baada ya `coord_flip()`, `labs(x = )`, inayoandika jina la mhimili, hufuata data, lakini `axis.text.x` ndani ya `theme()`, sehemu ya mapambo, hufuata maandishi yanayoonekana chini. Mimi huwa nayapaka rangi nyekundu kwanza, nijue nimeshika yapi.