Darubini ya Hubble haielei, inaanguka

"Kule juu hakuna uvutano, ndiyo maana haianguki." Juzi tena, tukiitazama Hubble ikikatiza mbingu kama nukta ya mwanga, baba mmoja alimweleza hivyo mwanawe kwa uhakika kabisa. Nimechoka kuisikia.

Hubble iko kilomita 500 hivi juu yetu. Uvutano wa Dunia hapo bado ni takriban asilimia 86 ya huu unaotushika hapa chini. Jenga mnara wa urefu huo, simama kileleni, uachie kikombe: kitaanguka.

Kinachoiokoa ni mwendo, kilomita saba na nusu hivi kila sekunde. Katika sekunde hiyo moja Hubble huanguka kama mita 4 kuelekea Dunia. Lakini Dunia ni mviringo, na kwa umbali uleule iliokwenda mbele, nayo imejipinda chini yake kwa mita hizohizo nne. Basi inaanguka mchana na usiku, haifiki chini, na kila baada ya dakika 95 hivi imemaliza mzunguko. Chukua karatasi upige hesabu mwenyewe. Ukishaipiga mara moja hutarudia tena habari ya kuelea. Uvutano ungekosekana kweli, ingenyoosha njia moja kwa moja na tungeipoteza mwaka uleule wa 1990 iliporushwa.

Wengine husema ilipandishwa ili iwe karibu na nyota. Proxima Centauri, nyota jirani kuliko zote ukiacha Jua, iko kilomita trilioni 40 kutoka hapa! Hizo 500 ni nini? Ilipandishwa kukwepa angahewa, ambayo huitikisa picha na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho.

Webb, darubini nyingine ya angani, nayo haiizunguki Dunia kama Hubble. Iko kilomita milioni 1.5 mbali, ikilizunguka Jua sambamba nasi.

Halafu kuna wanaodhani Hubble hugeuzwa kwa injini za roketi. Haina hata moja. Moshi wake ungechafua kioo. Ndani yake mna magurudumu mazito: gurudumu likiongezewa kasi upande huu, darubini nzima hugeuka upande wa pili, polepole kama mshale wa dakika wa saa ya ukutani. Robo duara, robo saa. Ukiona filamu inayoigeuza ghafla kama feni, badilisha chaneli.