Upasuaji wa leza wa koo katika chumba cha daktari

Lamu mtu husemwa amepwewa na sauti, ni kupwa kule kule kwa bahari. Kupwewa huko mwalimu wa chuo cha Kurani anakujua, muuza samaki anakujua, na aliyekesha akiitikia kasida za Maulidi ndiye zaidi. Kwa kawaida sauti hujaa tena baada ya siku chache. Wiki 4 zikipita haijarudi, wacha tangawizi na ndimu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akatazame.

Atakachotazama ni nyuzi mbili za sauti ndani ya zoloto, hapo shingoni panapopanda na kushuka umezapo mate. Ukisema, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo hata uvimbe mdogo huikwaruza sauti. Zinaweza kuota papiloma, vinyama mfano wa sunzua vinavyoletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11. Vina tabia ya kurudi kila vikiondolewa, na kulazwa kwa nusukaputi kila mara kunachosha.

Ndipo unapoingia upasuaji huu wa leza, yaani wa mwanga mkali uliokusanywa pamoja. Madaktari wenyewe huuita wa ofisini, jina linalopoteza kidogo, maana ofisi yenyewe ni chumba daktari anachoonea wagonjwa. Unakaa kitini, u macho kabisa. Pua hutiwa ganzi, kisha kamera nyembamba inayopindika hupitishwa humo hadi kooni. Ganzi nyingine hudondoshewa nyuzi zenyewe huku ukiambiwa uvute "iiii", nayo inaguguma kama unasukutua. Utakohoa, kisha koo litatulia. Mote chumbani watu huvaa miwani maalumu ya kukinga macho na leza, nawe pia.

Leza hupitia ndani ya kamera kwa uzi wa kioo usiofika unene wa milimita moja. Inayotumika sana ni ya KTP, iliyopewa jina la fuwele yake, yenye mwanga wa kijani wa urefu wa wimbi wa nanomita 532. Kwa nini kijani? Damu ni nyekundu kwa kuwa hurudisha wekundu na kuumeza ukijani. Basi mwanga huo huunguza vishipa vinavyokilisha kinyama, na nyama nzima ya pembeni haidhuriki sana. Kinyama hugeuka cheupe, na mabaki hubanduka yenyewe siku zinazofuata. Kisu hakikuguswa.

Si kila mtu anafaa. Watoto wadogo, mwenye koo la kutapika likiguswa tu, au mwenye uvimbe mkubwa unaobana pumzi, hao hupelekwa chumba cha upasuaji. Panaposhukiwa saratani, kipande hukatwa kwanza kikapimwe.

Ukimaliza waenda zako nyumbani, ila usile wala usinywe mpaka ganzi iishe, yapata saa moja au mbili. Koo lisilohisi huweza kuyapitisha maji mapafuni. Kisha daktari atakutaka unyamaze siku kadhaa, na kwa mwalimu wa chuo mwenye watoto hamsini, hapo ndipo penye kazi.